Kipimahewa Ndani ya Sanduku la Kioo

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili na kipimahewa kimoja. Ujanani alifanya kazi katika meli ya wachunguzi wa bahari, akitupa bildi majini kupima kina. Alipoacha kazi hiyo, nahodha alimpa chombo hicho cha shaba, ambacho mshale wake hushuka dhoruba inapokaribia. Miaka arobaini aliusoma kila alfajiri. Ukishuka, alipandisha kitambaa chekundu kwenye mlingoti wa gatini, na hakuna mashua iliyong'oa nanga.

Alipokufa, mwanawe mkubwa, Shaame, alishika urithi. Shaame alimpenda mno baba yake, nasema kweli, na hapo ndipo panaponiuma. Alijenga nyumba ya kumbukumbu. Akakisugua kipimahewa mpaka kikang'aa, akakitia katika sanduku la kioo, na kitambaa chekundu akakikunja vizuri chini yake. Ufunguo akauvaa shingoni.

Siku ya kuifungua nyumba ile, wageni walikuja kwa mashua kutoka visiwa jirani. Hotuba zilikuwa ndefu, kila mmoja akimsifu marehemu. Faki, mdogo wake Shaame, aliinama kwenye kioo akaona mshale umeshuka mpaka chini kabisa. Akamsihi kaka yake afungue, kitambaa kipandishwe kabla wageni hawajaondoka. Shaame aliona haya mbele ya wakubwa.

"Faki, mdogo wangu, usinitie aibu," alisema. "Hiki si chombo cha kazi tena. Ni urithi."

Faki akakimbilia gatini akipiga kelele. Manahodha walitazama mlingoti, wakauona mtupu, wakamcheka. Wakang'oa nanga. Katika mashua ya mwisho alikuwamo Mwanamize, binti pekee wa Shaame, akirudi kwa mumewe kisiwa cha pili. Mashua hiyo haikufika. Bahari ilirudisha kiatu chake kimoja.

Mnadhani Shaame alivunja kile kioo? Thubutu! Alitengeneza sanduku la pili, akakitia kiatu ndani, akafunga. Kila mwaka, siku ile ile, hutoa hotuba na watu hulia, kisha hupanda mashua zao kurudi makwao. Mlingoti ungali mtupu.

Nanyi mnaowalilia wazee wenu kila mwaka, kitambaa chao mmekifungia wapi?