Lundo la Mlangoni

Sogeeni huku mbele kidogo, wapendwa, na wale wa nje wapate kivuli. Kabla sijafungua neno nina jambo la shamba.

Kulikuwa na mkulima mmoja, mtu wa ng'ombe. Jina lake tuliache, maana ana ndugu kila kijiji. Mnajua kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Ukihesabu umeita mkosi. Sasa mgeni atajuaje kama huyu bwana ana mali au ana maneno tu? Ataangalia samadi. Kila asubuhi zizi linafagiliwa, samadi inatupwa pale pale kwenye mlango wa mji wake, miaka inaenda, inakuwa kilima. Mgeni akikuta kilima anavua kofia. Cha huyu bwana kilikuwa kimeshapita paa la nyumba. Mbuzi walikuwa wanapanda juu kuota jua.

Shamba lake je? Lilianzia njiani likazunguka mpaka nyuma ya nyumba. Udongo wa kichanga. Babu yake alilima hapo, baba yake akalima, na yeye analima, mahindi juu ya mahindi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuurudishia kitu. Mwaka uliopita walivuna magunzi. Watoto wakazoea kulala na uji.

Basi kijana wake mkubwa akapata mchumba. Binti mwenyewe kakubali, ila watu wa kwao wakatuma neno: tutakuja kuuona mji wenu kwanza, mahindi yakifika kiunoni, ndipo tuzungumze mahari.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mama wa nyumba hiyo akachukua karai na uma wa samadi, akaenda kwenye lundo. Kabla hajachota, mume huyu hapa mbele yake, na fimbo.

"Unaenda wapi na hilo karai?"

"Shambani, baba watoto. Mvua hiyo inakuja. Ile ardhi imechoka, hata magugu inayaotesha kwa shida."

"Wakwe wanakuja, wewe unanibomolea lundo? Wakute shimo mlangoni waseme nimeuza ng'ombe?"

"Kwani wakwe wanakula lundo?"

"Hawali! Wanaangalia!"

"Na sisi wakishaondoka, tutakula kuangaliwa?"

Mume akainua fimbo. Hakupiga, lakini aliinua. Mama akaliweka karai chini, akaingia ndani. Akina mama, ingekuwa nyinyi mngefanyaje? Nyamazeni. Najua mngefanyaje.

Sasa msidhani yule bwana alikuwa mjinga. Alijua wakwe watapita njiani, na njia inapita kando ya shamba. Akaenda dukani, akanunua kimfuko cha mbolea, akaitia kwenye mistari ile ya kando ya njia. Ya njiani tu! Mahindi ya pale yakashika kijani mpaka yakawa kama meusi. Mpita njia anasimama, anasema, "Bwana mkubwa, mwaka huu umeua!" Naye anacheka, anashika kiuno.

Na nyuma ya mistari ile? Kuna kijikaratasi cha bwana shamba, kimebandikwa pale kwenye ghala la kijiji. Siku hizi nakisoma mwenyewe, Mungu asifiwe, tena neno kwa neno. Kinasema jani la chini likianza manjano kwenye ncha, manjano ikashuka katikati ya jani, mmea huo una njaa. Shamba zima la nyuma lilikuwa hivyo. Lina njaa, limesimama kimya, limefichwa na mistari ya kijani.

Siku ya wakwe ikafika. Baba wa binti, wazee wake, na shangazi wa binti. Mnajua shangazi ni nani kwenye mambo haya. Wazee wanaongea, yeye anaamua. Wakapita njiani, wakasifia mahindi. Wakafika mlangoni, baba wa binti akaliangalia lundo toka chini mpaka juu. Akavua kofia.

Yule bwana akamkonyeza mkewe, kama kusema, umeona? Kijana naye yuko pale kwenye kigoda. Alimpenda yule binti kweli kweli. Jambo lilikuwa limeshakwisha, bado nyama tu kuiva.

Shangazi akasimama.

"Naomba ninyooshe miguu kidogo."

"Keti, shangazi, keti! Nyama inakaribia kuiva."

"Nyama ya kuchinjwa haikimbii, mkwe."

Akashika njia ya shambani. Mwenye mji akataka kumfuata, lakini utamfuataje mkwe wako, mwanamke, kwenye mahindi? Akakaa. Walikaa wote. Wazee wanaongea habari za mvua, yeye anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," hata hajui anaitikia nini. Macho yake yako kwenye mistari ya kijani, pale mwanamke alipozama. Mama anapepea moto unaowaka vizuri tu.

Shangazi akarudi. Mkononi ana shina la mahindi, ameling'oa na mizizi yake. Limemfika gotini tu, manjano kama limechemshwa. Akaliweka juu ya jamvi, pembeni ya sinia la ugali. Hakupaza sauti.

"Hili shamba la nyuma ni la nani?"

Mwenye mji akajikohoza. "Ni… ni letu, shangazi. Mwaka huu mvua, unajua…"

"Mvua gani inayonyesha njiani, nyuma ya nyumba isinyeshe?"

Baba wa binti kofia iko mkononi, hajui airudishe au aiache.

"Mkwe," shangazi akasema, "chakula cha ardhi yako kimejaa mlangoni, na ardhi yako inakufa njaa hatua chache kutoka hapo. Hukunyimwa. Unacho. Sasa niambie, mtoto wetu tukimleta kwenye mji huu, atakaa upande gani? Huku wageni wanakopita, au kule nyuma?"

Yule bwana akaligeukia lundo lake. Shangazi akamgeukia mama, pale jikoni.

"Dada yangu, wewe umekaa upande gani?"

Mama akaacha kupepea. Akamtazama mwanawe. Anajua neno lake linaweza kumharibia kijana wake. Akatazama lile shina juu ya jamvi.

"Mimi niko nyuma," akasema. "Na mahindi."

Wageni wakanawa mikono, lakini hawakugusa chakula. Kwetu hilo halina tafsiri mbili: posa imekwisha. Wakaondoka, na ile nyama ikapoa pale pale kwenye sinia, kijana ameikodolea macho.

Wapendwa, mnamcheka yule bwana? Mbona mmecheka mapema?

Lundo letu sisi ni nini? Si haya tunayoyajua? Wengi humu tumejifunza kusoma tukiwa na mvi. Leo tunasoma aya bila kukwama, tunasimama mbele ya watu, wanasema amina. Ni jambo kubwa, nami nalifurahia kila siku ninapoamka. Lakini aya imekaa mlangoni! Inaongezeka, inapita paa, wageni wanavua kofia. Nyumbani je? Wewe baba unayesali kwa sauti hapa mpaka bati linaitikia, neno jema la mwisho umemwambia mkeo lini? Wewe mama wa kwaya, yule mkweo mzee uliyemfungia chumba cha uani, jana alikula nini? Tumeacha mstari mmoja wa kijani, ule unaopita njiani, na hapo tunatia mbolea kila Jumapili.

Samadi ikikaa kwenye lundo hailishi kitu. Inanuka tu. Lazima mtu aichote, achafuke mikono, aifikishe pale penye njaa, pale ambapo hakuna mgeni anayepita.

Na msiseme mchungaji kaongea mafumbo. Naongea na samadi yenyewe pia. Nimepita kwenye miji yenu wiki hii, nimeyaona malundo. Mvua bado haijaanguka. Yabomoeni.

Tusimame tuombe. Tutaomba kwa kifupi leo, maana kuna watu nyumbani wana njaa ya kusemeshwa.