Ghala la Halwa

Hapo zamani, wafalme walipokuwa bado hawajajifunza kueleza, alikuwako Sultani Mwinyikai, mtoa amri kama mtu atemaye kokwa: hatazami zinakoangukia. Aliyethubutu kuuliza "Kwa nini?" alitiwa gerezani. Humo ndimo alimokuwa Makame, mume wa Mashavu mpishi, kwa kosa la kuuliza kwa nini majogoo wote wa mji wavalishwe vilemba.

Basi siku moja Sultani akamkabidhi Mashavu ufunguo wa ghala la halwa. "Usifungue mpaka Maulidi. Aje nani, usifungue. Hata nikija mimi!"

Swali likamfika Mashavu kooni. Akamkumbuka Makame, akalimeza. "Labeka, Bwana wangu."

Ikawa siku ya tatu, watu wamejilaza baada ya chakula cha mchana, ghalani kukasikika kishindo. Kumbe Sultani amejipenyeza kwa kidirisha cha nyuma, amemaliza vikapu viwili vya halwa, na sasa tumbo limekataa kutoka pale lilipoingilia. Na barazani wageni wanamngoja!

"Mashavu! Fungua!"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Sultani!"

"Ala! Basi wewe hasa ndiye niliyekatazwa."

"Mwanamke, nakuamuru!"

"Hata juzi uliniamuru, Bwana wangu. Amri mbili zinapigana, nami sijui nitii ipi. Ningejua sababu ningezipatanisha, lakini kuuliza ni gereza. Subiri Maulidi, siku kumi na tisa si nyingi, na chakula unacho."

Waziri akaja mbio, wageni nyuma yake. Sultani akanong'ona kwenye tundu la ufunguo: "Tabibu amenikataza halwa."

"Sisikii, Bwana wangu!"

"TABIBU AMENIKATAZA HALWA! Nikiiona sijiwezi!"

"Loo!" Mashavu akazungusha ufunguo. "Kumbe amri ni kukuweka mbali na halwa, nawe umo nayo chumba kimoja! Ungenieleza tangu juzi, ningeziba na dirisha."

Wageni wakaangua kicheko. Sultani, ndevu zinanata, akaona haya, kisha naye akacheka mpaka akakaa chini. Akaamuru Makame afunguliwe saa ile ile.

"Kwa nini, Bwana?" Waziri akaropoka, akajiziba mdomo.

"Kwa sababu nilimfunga kwa kukosa jibu."

Tangu hapo ikawa Sultani hata akitaka maji hueleza koo limekauka vipi, na lilianza lini, na upande gani. Hata Waziri akawa anamletea kata kabla hajafumbua kinywa. Hekaya imetua hapo.