Bwana Rubeya Apima Mafua

Tajiri Rubeya alimwamuru dobi wake, Mwatime, afue mapazia yote siku hiyohiyo, la sivyo akatafute kazi kwingine.

"Nina mafua, Bwana," alisema Mwatime. "Daktari amenichungulia koo, akaniuliza kama nasikia ladha. Nikamwambia sisikii, akasema nipumzike."

"Na yeye akakuamini? Leo nitakupima mwenyewe!"

Akamwekea biriani ya wageni wake, akamkazia macho amfumanie akifurahia. Mwatime alitafuna, uso mkavu.

"Kama karatasi, Bwana."

Akamletea kuku wa kupaka.

"Kama pamba."

Rubeya hakukubali kushindwa. Aliendelea kumpakulia mpaka masufuria yakabaki matupu.

"Kweli unaumwa," alisema kwa unyonge. "Nenda kalale."

Langoni Mwatime alimnong'oneza mpishi, "Biriani ilizidi chumvi kidogo, lakini yule kuku, mashaallah!"