Bi Kicheche na Neno Lililokatazwa

Hapo zamani za kale, wakati wanyama bado wanajenga nyumba, wanaanika nguo na kualikana harusini, palikuwa na kijiji ambacho wakazi wake walikuwa waoga wa kusema. Wewe uliyelalia mkeka hapo, inuka, maana sitarudia.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Kicheche na binti yake mmoja, Chausiku. Mnamjua kicheche? Ni mnyama mdogo mweusi, mwenye mistari myeupe mgongoni, na akishtuka hutoa harufu ambayo hata nzi huaga na kuondoka. Ndivyo alivyoumbwa, na yeye mwenyewe hakusumbuka. Alioga, akajipaka mafuta ya nazi, akaendelea na shughuli zake.

Siku moja, kwenye harusi ya Paa, Fisi alimwambia mbele ya wageni wote, "Wewe unanuka, kakae nje." Bi Kicheche akalia. Nani asingelia? Hakuna aliyemwambia Fisi aombe radhi. Badala yake Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, alisimama akapiga mguu chini, tii!

"Kuanzia leo," alisema, "neno kunuka limekufa hapa kijijini. Atakayelitamka atafungwa mdomo kwa ukindu siku tatu."

Wakazi wakapiga makofi. Lilikuwa jambo jema, au lilifanana na jambo jema. Lakini kesho yake Twiga akaja kulalamikia neno refu. Kesho kutwa Fisi, yule yule, akataka kuchechemea kusitajwe. Kiboko, mlinzi wa bwawa la maji ya kunywa, akaomba yakatazwe nene, kubwa na zito, yote matatu kwa mkupuo. Tembo akakubali yote. Mganga Kobe alimuuliza Fisi, mgonjwa wake, "Unachechemea mguu upi?" Kumbe kosa! Siku tatu Kobe alikunywa uji kwa mrija.

Sasa sikilizeni. Maji ya bwawa yalianza kubadilika. Yakawa ya kijani, yana povu, na yananuka. Mimi nalisema, ukindu wa Tembo haunifikii. Kila asubuhi wanyama walifika na ndoo zao, wakainamia maji, pua zikakunjamana, wakatazamana.

"Maji ya leo..." alianza Swala.

"Ya leo yamechangamka," Nyani alimmalizia haraka.

"Yamechangamka sana," wakaitikia wote. Wakateka, wakaenda nayo nyumbani.

Chausiku akayanywa. Tumbo likaanza kumnguruma, ngurungu, ngurungu. Siku ya tatu hakuweza kuinuka kitandani, na mama yake akambeba mgongoni hadi kwa Kobe.

"Amekunywa nini?" Kobe aliuliza.

"Maji ya bwawa."

"Yana nini hayo maji?"

Bi Kicheche alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Yamechangamka."

Kobe alichungulia kushoto na kulia, kisha akanong'ona, "Hata mimi yamenichangamkia tangu Jumamosi, ila usinitaje. Mtoto huyu akiendelea kuyanywa, Bi Kicheche, hamalizi wiki."

Bi Kicheche akamrudisha mtoto nyumbani. Alfajiri iliyofuata akajificha kwenye matete kando ya bwawa. Jua linachomoza tu, akasikia pwaa! Huyo Kiboko, na sabuni na dodoki, anajisugua kwapa huku anaimba. Mengine aliyoyafanya majini siyasemi, maana bado hamjala.

Angemshitaki vipi? Kusema Kiboko anaoga bwawani aliweza. Lakini Tembo angetaka ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa harufu ya maji na ukubwa wa nyayo. Maneno yote aliyoyahitaji yalikuwa yamekatazwa. Tembo naye hakuwa akijua lolote, kwa kuwa alikunywa maji ya chemchemi iliyokuwa uani kwake. Bi Kicheche akawaza, akawaza, kisha akacheka peke yake na kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji.

"Mzee wangu, shikamoo. Nataka kukuandalia karamu ya kukushukuru kwa sheria uliyoniwekea."

"Marahaba, mwanangu. Hilo ni jambo la heshima," alisema Tembo, masikio yakimpepea kwa furaha.

Ijumaa mchana kijiji kizima kikajaa uani kwa Bi Kicheche. Alipika wali wa nazi, mchicha na maboga. Tembo aliketi mbele, Kiboko ubavuni pake, na Kiboko alifyeka sinia tatu. Sasa, desturi ya kule ilikuwa hivi: mgeni akishakula, hupewa kata ya maji, naye lazima aimalize. Kuyabakiza ni kuitukana nyumba iliyokulisha.

Bi Kicheche akaleta mtungi. "Kwa heshima, atakayeanza ni mlinzi wa bwawa letu."

Kiboko akarudi nyuma. "Mimi leo nimefunga."

Wageni wakazitazama zile sinia tatu tupu. Punje ya wali ikamdondoka Kiboko mdomoni, tap.

"Umefunga nini, jirani?"

"Nimefunga... maji tu."

"Basi, Mzee Tembo, karibu wewe."

Tembo akazamisha mkonga katika kata, fyuuu! Mara macho yakamtoka. Machozi yakamlengalenga. Kumeza hawezi, kutema ni aibu.

"Kuna nini, mzee?" Bi Kicheche aliuliza kwa upole.

"Hakuna kitu," Tembo alijibu kwa sauti ya mwenye mafua.

"Ni ya moto?"

"Hapana."

"Yana chumvi?"

"Hapana."

"Basi yana nini?"

"Sema yamechangamka," Nyani alimnong'oneza.

"Ngoja nikuongezee kata ya pili," alisema Bi Kicheche, akainua mtungi.

Mkonga ukatetemeka, ukapinda, ukainuka juu. Chyaaa! Maji yakaruka, na Twiga akalowa shingo nzima.

"Maji haya yananuka!" Tembo alinguruma. "Yananuka! Nani anakunywa uchafu huu?"

Tembo akajiziba mdomo kwa mkonga, lakini neno lilikwishatoka.

"Tunakunywa sisi, mzee," alisema Bi Kicheche. "Na mwanangu yuko ndani, yanamuua."

"Leteni ukindu," Tembo alisema taratibu. "Nimevunja sheria yangu mwenyewe."

"Ukindu wa nini, mzee? Siku ile nililia kwa sababu Fisi alinifukuza harusini. Nilitaka aniombe radhi tu, na hakuna aliyeniuliza. Mimi nikishtuka ninanuka, najua, na jirani akiniambia kwa adabu nitakwenda kuoga. Lakini maji haya tusipoyasema yatatumaliza."

Tembo aliutazama mlango wa chumba alimolala Chausiku.

"Semeni," alisema. "Semeni yote."

"Yananuka!" alisema Swala, na kifua chake kikashuka.

"Tangu mwezi uliopita," alisema Nyani. "Na nyayo za pale bwawani ni kubwa."

Kobe akarefusha shingo. "Na Fisi anachechemea mguu wa kushoto, na dawa yake ninayo." Uani wakaangua kicheko, hata Fisi mwenyewe. Ungewaona walivyokuwa wakipumua!

Kiboko alikuwa ananyatia lango la ua. Dodoki likamdondoka kutoka kwapani.

"Ni mimi," alisema, macho chini. "Siku ya kwanza niliogopa. Nikangoja mtu aniambie niache. Hakuna aliyesema, nikadhani hamjali."

Jioni ile ile walilikausha bwawa, na Kiboko ndiye aliyebeba tope lote. Akapewa sehemu yake ya kuogea mtoni, chini kabisa. Wakati bwawa linajaa upya, Tembo akafungua ua wake, kila mtu akateka maji ya chemchemi. Chausiku aliyanywa siku mbili, na siku ya tatu akaita kutoka kitandani, "Mama, ule wali uliisha wote?" Mama yake akakaa chini palepale akalia, na safari hii kilio kilikuwa kitamu.

Akiwa bado analia, hodi! Fisi huyo mlangoni, na kikapu cha ndizi.

"Nimekuja kuomba radhi kwa yale ya harusini," alisema.

Bi Kicheche alishtuka. Nanyi mnajua akishtuka inakuwaje. Fisi akashika pua, akasita, akameza mate.

"Samahani, Bi Kicheche, lakini..."

"Najua, jirani. Ingia ukae, mie nakwenda kuoga."

Nilipita nje ya nyumba ile nikawasikia wakicheka, ndiyo maana nami nimekuja kuwasimulieni.

Fundisho lake ni hili: kumheshimu mwenzako ni kutomdhalilisha, si kuogopa kumwambia kweli.