Mlinzi Mmoja wa Lambo

Hadithi ninayo, jibu sina, kwa hiyo asisinzie mtu hapa.

Kijijini kwetu Msanghile kuna watu watatu. Malogo ana masikio: akilala kifudifudi husikia maji yanapopita chini ya ardhi. Sechelela ana mikono, udongo akiukanda yeye hauvuji. Ndahani ana mgongo. Mgongo basi, mpana kama mlango wa ghala! Vipaji vyote hivyo, na hakuna aliyewahitaji. Malogo alikaa miaka kumi na moja bila kazi tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe, hata salamu watu wakamkatia. Sechelela, mjane, alikuwa akiongea na kuku. Ndahani alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitano, ndugu zake wote wamehama.

Ndipo serikali ikaleta mpango: anayetaka kazi aje apewe, harudishwi mtu. Kazi yenyewe kuchimba lambo, bwawa la kukinga maji ya mvua. Asubuhi ya kwanza mimi, mwenyekiti, niliita majina. Malogo akaitika "Nipo!" kwa sauti ya kufukuza ndege, kisha akalia. Jamani, mtu mzima! Mchana hao watatu wakala sufuria moja, wakitaniana mpaka wakapaliwa.

Mvua ya kwanza ikanyesha, tuta likaanza kuvuja. Malogo akalaza sikio chini, akasema, "Ni hapa." Bila yeye tungefukua mpaka leo.

Sechelela akakimbilia kichuguu, akaponda udongo wake, akaziba. Bila udongo ule, kulijua tundu kungetusaidia nini?

Ndahani akaingia majini, akayakandamiza magunia ya mchanga juu ya kiraka kwa mgongo kutwa nzima, meno yakigongana, hadi udongo ukashika. Bila yeye ungesombwa wote.

Lambo likapona. Halafu mpango ukahamia kwingine. Afisa wa mpango akaniambia, "Mwenyekiti, imebaki ajira moja, ya mlinzi wa lambo. Niandikie jina."

"Wale watatu wakipeana zamu je?"

"Fomu ina mstari mmoja, mzee wangu. Ukiuacha wazi, nafasi inakwenda kijiji kingine."

Nikawaita. Malogo akasema, "Nikikosa, nani ataniita jina tena?"

Sechelela akasema, "Baba, unanirudisha kwa kuku?"

Ndahani alitazama miguu yake. "Mtasema nina nguvu, nikatafute mjini. Nikiondoka, kwetu hapana mtu tena."

Hakuna aliyemsema mwenzake vibaya. Ila tangu siku ile hawakai pamoja. Kila mmoja hula kivyake, upande wake wa lambo, na nikipita hawaniamkii. Inaniuma, sifichi.

Gari la afisa linakuja Ijumaa. Haya, nyie mnaosikiliza: Je, wewe ungemwandika nani? Na ukishamwandika, utakuja tuwaambie pamoja wale wawili, au utaniacha niende peke yangu?