Nusu ya Chini

Bibi Semeni, mwalimu mstaafu, alipenda kushinda kwenye kijito cha mlimani na karai lake, akiosha mchanga kutafuta chembe za dhahabu. Siku moja Mkude, mwenye shamba, akamkuta kando ya rundo la mchanga lililomfika kifuani.

"Kijito kinapita shambani kwangu. Nataka nusu ya rundo hilo."

"Chukua nusu ya juu, baba, ya chini niachie. Dhahabu ni nzito, hukaa chini."

Mkude akaguna. "Basi nachukua lote. Wewe baki ucheze na matope."

Vibarua wake wakalisomba siku tatu, mpaka likaisha.

Semeni akachutama palepale, akachota karai la kwanza. Ule ulikuwa mchanga aliokwisha kuuosha, akaurundika kwa makosa juu ya mahali penye dhahabu, na mgongo wake ulikuwa umekataa koleo.