Simba wa Mzee Mihayo

Saa za kungoja nazo ni saa. Jana mlimsikia Bi Mwanne akiwajibu hivyo watu waliomcheka kwa kusuka ukili kwenye foleni ya zahanati, mkanijia kuuliza neno hilo kalitoa wapi. Basi kaeni. Asili yake ni hii, na nimeipata kwa wenyewe wawili. Pale walipopingana, nimechukua palipo patamu zaidi.

Alikuwapo mwalimu mstaafu wa Tabora, Mnyamwezi, jina lake Mzee Mihayo. Mwanawe alimwoa binti wa Bi Sikudhani, Mzaramo wa Kisarawe, na wanandoa hao wakahamia Kampala. Kwa hiyo wazee hawa walikuwa wakwe, lakini kabla ya ukwe walikuwa watani, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Nanyi mnaijua sheria ya utani: mtani akikusema hadharani, hata msibani, hununi. Ukinuna umeshindwa.

Sasa Mzee Mihayo alikuwa na kidonda kimoja. Kwa miaka kumi aliwasimulia wajukuu kwenye simu jinsi alivyokutana na simba katika pori la Ugalla, akamkazia macho mpaka simba akageuka, akaenda zake. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumwona simba ila kwenye picha ya kitabu cha darasa la tatu, na picha yenyewe ilichanika upande wa kichwa. Bi Sikudhani alilijua hilo. Mjukuu wao wa kwanza alipotaka kuolewa, bibi akamwambia mwenzake: "Mtani, siku ya harusi nitasimama mbele ya ukumbi mzima, niseme kwamba simba wako ni wa karatasi."

Mzee akaomba, akabembeleza, akampelekea asali ya Tabora ndoo nzima. Bi Sikudhani akaila asali, na neno lake akabaki nalo.

Wakapanda ndege Dar es Salaam, harusi ikiwa kesho yake. Walitua Nairobi saa mbili asubuhi, na ndege ya kuwapeleka Entebbe ingeondoka saa kumi na moja jioni. Abiria wenzao wakalalia mabegi. Bi Sikudhani akavua viatu, akajifunika kanga, akajinyoosha kwenye viti vitatu. Mzee Mihayo hakukaa. Alizungumza na mama mmoja mfagiaji, akaambiwa mbuga ya wanyama iko kule ng'ambo, karibu na mji, na simba wamo. Akarudi mbio.

"Mtani, inuka. Tunakwenda kumwona simba."

"Na ndege?"

"Ndege ya jioni. Sasa hivi ni asubuhi."

"Mie simo. Mtu anayengoja, kazi yake kungoja."

"Saa za kungoja nazo ni saa," mzee akasema. "Ukishazilala huzirudishi. Tena nikienda peke yangu, nani atanisadiki?"

Bi Sikudhani akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Hapo umenena. Twende nikashuhudie usivyomwona. Ila sikiliza, Mnyamwezi: kesho nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Sipunguzi, siongezi."

"Nami sitaki zaidi ya hapo."

Wakagongewa mihuri kwenye pasi, wakapata teksi ya bwana mmoja mwenye mvi, Kyalo, aliyewawekea masharti kabla ya kuwasha gari. "Saa nane tunageuza, simba awepo asiwepo. Na ndani ya mbuga hakuna kushuka, hata kofia ikipeperushwa."

Wakamwona twiga akitafuna mgunga, na nyuma ya shingo yake maghorofa ya mji. Wakaona pundamilia, nyati, na mbuni aliyewapita kwa dharau kama karani mwenye haraka. Simba hakuna. Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Kila kichaka, Bi Sikudhani alinyoosha kidole: "Mtani, yule siye?" Mzee akitazama, ni ngiri.

Saa nane Kyalo akageuza gari. Mzee Mihayo akauona ukumbi wa Kampala ukimcheka, na sauti za wajukuu zikiwa juu ya zote.

Kwenye kona ya kwanza, simba dume alikuwa amelala katikati ya njia. Kulia mtaro, kushoto tope.

"Tungoje," Kyalo akanong'ona. "Huyu hapigiwi honi."

Wakangoja. Baadaye simba akainuka, akaja taratibu mpaka ubavuni mwa gari, upande wa mzee. Kichwa kikajaza dirisha. Masharubu yakagusa kioo.

"Mzee, usimwangalie sana," Kyalo akasema.

"Mtani, fumba macho tusalimike," Bi Sikudhani akanong'ona kutoka kiti cha nyuma.

"Nikifumba, kesho utasema nini?"

Macho yake hayakucheza. Akamkazia simba, na simba akamkazia yeye. Bi Sikudhani anasema zilikuwa dakika mbili. Mzee Mihayo anasema saa nzima. Mimi nimeweka katikati. Kisha kwa sauti ile aliyozoea kutulizia darasa la watoto tisini, mzee akasema polepole, "Rudi mahali pako."

Simba akapepesa macho, akageuka, akaingia majanini. Wapo wanaodai alinusa swala. Hao hawakuwamo garini.

Foleni ya Nairobi nayo ikawashika, wakafika uwanjani majina yao yakitangazwa kwa mara ya mwisho. Bi Sikudhani, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajakimbia tangu mwaka wa Uhuru, alimtangulia mtani wake mlangoni kwa hatua kumi.

Kesho yake ukumbini, bibi akaomba kipaza sauti. Mzee Mihayo akakaa wima, maana mtani hanuni.

"Nilikuja na neno la kumvua nguo Mnyamwezi huyu," Bi Sikudhani akaanza, na watu wakacheka. "Lakini niliahidi kusema nilichokiona. Jana nimemwona simba. Baina ya pua yake na pua ya mtani wangu palikuwa na kioo tu. Walitazamana. Aliyeondoka ni simba."

Wajukuu wakambeba babu yao begani, wakamzungusha ukumbi mzima, na habari za Ugalla hakuna aliyeziuliza tena.

Bibi harusi ndiye aliyeshangaa. "Bibi, nanyi mlikuwa safarini. Huyo simba mlipata wapi nafasi ya kumwona?"

"Tulikuwa tunangoja ndege," Bi Sikudhani akamjibu. "Wenzetu wameshuka Entebbe na shingo zilizopinda kwa kulalia mabegi. Sisi tumeshuka na simba. Saa za kungoja, mjukuu wangu, nazo ni saa."